Maumivu ya Bega: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mazoezi na Tiba ya Mikono

Maswali yaliyokusanywa hapa ndiyo tunayoulizwa kila wiki na watu wa Mtwara na Lindi wanaofika chumba cha fiziotherapia wakiwa wameshika bega kwa mkono wa pili: wabanguaji na wabebaji wa korosho, wavuvi, mafundi cherehani, wasusi, madereva wa bodaboda, na wazee ambao hawakumbuki kufanya lolote la kuwaumiza. Majibu yameandikwa kwa mtu mzima mwenye maumivu ya kawaida ya bega. Mwenye dalili za hatari zilizotajwa katika swali la tatu asianze na mazoezi, aanze na daktari.

Sikuanguka wala sikugongwa. Maumivu haya yametoka wapi?

Bega ni kiungo kinachozunguka kuliko viungo vyote vya mwili, na uhuru huo una gharama. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na kibakuli cha kombe, yaani mfupa bapa wa nyuma ya bega, kinachokipokea ni kifupi mno, mfano wa chungwa lililowekwa juu ya kisosi. Kinacholizuia chungwa hilo lisibingirike kila unapoinua mkono ni misuli minne midogo inayotoka kwenye kombe na kukizunguka kichwa cha mfupa kwa kano zake. Mara nyingi kano hizo ndizo zinazouma. Huuma zinapopewa kazi kubwa kuliko zilivyozoea, au zinapochakaa kwa umri, au mambo hayo mawili yanapokutana katika mtu mmoja, jambo ambalo ndilo la kawaida.

Neno la kuzingatia ni kuzoea. Mtu aliyepitisha miezi kadhaa bila kazi nzito, kisha akabeba mashine ya kupulizia salfa mgongoni siku nne mfululizo huku bomba akilielekeza juu kwenye matawi ya mikorosho, hakufanya kosa lolote la namna ya kusimama au kushika; alichofanya ni kuziongezea kano kazi ghafla. Ndivyo ilivyo pia kwa kijana anayepakia magunia ya korosho ya kilo 80 wiki ya kwanza ya mnada. Maumivu ya kano husikika zaidi ubavuni mwa mkono wa juu kuliko begani penyewe, huzidi mkono unapopita usawa wa katikati wakati wa kuinuliwa, na huamsha mtu usiku akilalia upande huo.

Nitajuaje kama bega langu limeganda?

Kaa kwenye kiti, bana kiwiko ubavuni, kikunje kama pembe ya meza, kisha geuza kiganja kuelekea nje. Fanya hivyo kwa mikono yote miwili kwa pamoja. Kama mkono mmoja unafunguka na mwingine unagoma karibu na pale ulipoanzia, na mtu mwingine akijaribu kukusaidia taratibu naye anakuta umegoma vilevile, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba kifuko kinachokizunguka kiungo kimekaza. Mwenye kano zinazouma hutofautiana naye kwa jambo hilo: mkono wake unauma, lakini ukisaidiwa unakwenda.

Bega lililoganda huwapata zaidi watu wa kati ya miaka 40 na 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari kuliko wasio nacho. Kwa sababu hiyo mtu ambaye bega lake limeganda bila chanzo, na hajawahi kupima sukari, akapime. Ugonjwa huanza na miezi ya maumivu makali, hasa usiku. Hufuata kipindi ambacho maumivu yanapungua lakini mkono hauendi. Mwishoni mkono huanza kufunguka wenyewe polepole. Safari yote huchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Wengi hurudia maisha yao ya kawaida, ingawa baadhi hubaki na ukakamavu kidogo.

Mama mmoja alituambia hali yake kwa namna ambayo hakuna kipimo kingeieleza vizuri zaidi: anaweza kukoroga ugali, anaweza kufagia uwanja, lakini hawezi kujifunga sidiria wala kutupia mtandio juu ya bega, na wakati wa kutawadha humwita binti yake. Mambo hayo matatu yanahitaji mkono kugeuka, na kugeuka ndiko kifuko kilichokaza kinakokuzuia kwanza.

Ni lini nisihangaike na mazoezi bali niende hospitali mara moja?

Nenda ikiwa umeanguka au umegongwa na umbo la bega limebadilika, au huwezi kabisa kuinua mkono tangu siku hiyo. Nenda ikiwa bega limevimba, lina joto na jekundu, nawe una homa. Nenda ikiwa mkono umepoteza nguvu, una ganzi inayoshuka hadi vidoleni, au kuna uvimbe mgumu unaokua. Kukonda bila sababu, kutokwa jasho usiku na kukohoa kwa muda mrefu pamoja na maumivu ya bega ni mambo ya kuchunguzwa, kwa kuwa kifua kikuu huingia hata kwenye viungo na baadhi ya saratani za mapafu hujitokeza kwa maumivu ya bega. Mwenye selimundu asichukulie maumivu ya bega kuwa uchovu wa kazi, kwa sababu kichwa cha mfupa kinaweza kukosa damu na kuanza kufa.

Yapo pia maumivu ya bega ambayo si ya bega. Maumivu ya bega la kushoto yanayoambatana na kubanwa kifua, jasho la baridi na pumzi fupi huenda ni ya moyo. Maumivu ya ncha ya bega kwa mwanamke aliyekosa hedhi, mwenye maumivu ya tumbo na kizunguzungu, yanaweza kuwa ya mimba iliyotunga nje ya kizazi na kupasuka. Watu hawa wawili hawapaswi kusubiri asubuhi.

Je, ni lazima nipige picha kwanza?

Kwa kawaida si lazima. Eksirei huonyesha mifupa, na maumivu mengi ya bega hayapo kwenye mfupa. Altrasaundi huonyesha kano, lakini kadiri umri unavyosogea ndivyo kano zilizochanika zinavyoonekana hata kwa watu wasiosikia maumivu yoyote, hivyo picha yenye kasoro haithibitishi kwamba kasoro hiyo ndiyo inayouma. Tumeona watu waliouza mbuzi ili wasafiri kwenda Dar es Salaam kupiga picha, wakarudi na bahasha kubwa na maelekezo yaleyale ya mazoezi. Picha ina nafasi yake baada ya ajali, panapokuwa na dalili za hatari, na pale ambapo wiki nyingi za mazoezi yaliyofanywa sawasawa hazijaleta nafuu.

Mazoezi yenyewe ni yapi?

Hakuna zoezi moja la bega. Kuna ngazi, na mtu huanza pale maumivu yake yanaporuhusu.

Kama maumivu ni makali, anza kwa kuinama ukiwa umeegemea meza kwa mkono mzima, uache ule unaouma uning'inie, kisha uyumbishe mwili ili mkono ufuate kama kamba ya ndoo kisimani. Mkono usifanye kazi, ubembee tu kwa dakika moja au mbili, mara tatu kwa siku. Baada ya hapo kaa mbele ya meza, weka kiganja juu ya kitambaa, ukisukume kitambaa mbele huku ukiinamisha kifua, halafu urudi. Zoezi hili huonekana la kitoto, lakini humwezesha mtu kuufikisha mkono juu bila kuubeba uzito wake, na wagonjwa wetu wengi hushangaa wanapoona umbali waliofika.

Ngazi ya pili ni ya kukaza misuli bila mkono kwenda. Simama kando ya ukuta, kiwiko kikiwa kimekunjwa ubavuni, sukuma ukuta kwa upande wa nje wa kifundo cha mkono kwa nguvu kama nusu ya uwezo wako, hesabu hadi 20 au 30, pumzika, rudia mara tano. Kwa wengine maumivu hupungua palepale, na hilo huwapa moyo wa kuendelea.

Ngazi ya tatu ndiyo yenye kazi, na ndiyo watu wanayoiruka. Tafuta tyubu chakavu ya baiskeli kwa fundi. Ikate ipate urefu wa kama mita moja na nusu, ifunge kwenye nguzo ya baraza kwa usawa wa kiwiko. Weka kitambaa kilichokunjwa kati ya kiwiko na ubavu, shika tyubu, geuza mkono kuelekea nje polepole, kisha urudi polepole zaidi ya ulivyokwenda. Ukiruhusu mpira ukurudishe kwa kasi umepoteza nusu ya zoezi. Fanya mara 10 hadi 15, pumzika, rudia mizunguko mitatu. Halafu geuka uivute tyubu kuelekea nyuma kwa mikono yote miwili kana kwamba unataka kubana karanga katikati ya makombe. Malizia kwa kusukuma ukuta kama mtu anayepiga pushapu akiwa wima. Mazoezi haya ya nguvu yafanyike siku tatu kwa wiki, si kila siku, kwa kuwa kano hujijenga siku ya kupumzika.

Baadaye ongeza uzito wa kuinua juu ya kichwa: chupa ya maji ya nusu lita, ambayo ni nusu kilo, kisha ya lita moja na nusu, kisha dumu la lita tatu. Mtu ambaye riziki yake ni magunia hajamaliza matibabu kwa kuweza kuinua chupa ya nusu lita. Ni lazima afikishwe karibu na uzito anaourudia kazini.

Kwa bega lililoganda katika miezi ya maumivu makali, shikamana na ngazi ya kwanza. Kulilazimisha wakati huo hulichokoza, na usiku wake utakuwa mrefu.

Mazoezi yakiuma, niache?

Maumivu kidogo wakati wa zoezi hayamaanishi kwamba kuna kitu kinachanika. Yape maumivu alama kutoka sifuri hadi 10. Yakibaki nne au chini, na kesho yake asubuhi bega liko kama lilivyokuwa jana, endelea. Yakifika sita, au yakikuamsha usiku kuliko kawaida, usiache zoezi bali lipunguze: mpira ulegee, au idadi ishuke. Wanaoumia zaidi katika kundi letu si wale wanaofanya mazoezi mengi, ni wale wanaofanya siku moja kwa hamasa kisha wakaogopa wiki mbili.

Nitapona baada ya muda gani?

Kwa maumivu ya kano, jipe wiki 12 za mazoezi ya nguvu kabla ya kusema hayajakusaidia. Wiki tatu za kwanza mara nyingi hazina cha kuonyesha, na hapo ndipo wengi hupotea kliniki. Usingizi huwa wa kwanza kurejea. Nguvu ya kuinua juu huja mwishoni.

Mtaalamu anaponishika na kulisogeza bega, anafanya nini hasa?

Anasogeza kichwa cha mfupa taratibu ndani ya kibakuli chake, ananyoosha kifuko, au anakandamiza misuli iliyojikaza shingoni na nyuma ya kombe. Mara nyingi hushughulikia pia shingo na uti wa mgongo wa kifuani, kwa kuwa mgongo uliokakamaa kwa kuinama kwenye cherehani huunyima mkono nafasi ya kufika juu.

Tiba hiyo hupunguza maumivu, na mkono huongeza mwendo mara baada yake. Haimenyi kutu, hairudishi mfupa uliohama, wala haiungi kano iliyochanika, ingawa hata baadhi yetu wenye taaluma tumewahi kuieleza hivyo kwa wagonjwa kwa sababu maelezo hayo ni rahisi kuyasikiliza. Nafuu yake ni ya muda, pengine saa kadhaa, pengine siku chache. Thamani yake iko katika namna unavyozitumia saa hizo. Anayetoka kitandani akafanya mazoezi yake jioni hiyo, mkono ukiwa mwepesi, hupata faida mara mbili. Anayelala akisubiri mikono ya Jumatatu ijayo atakuja Jumatatu nyingi. Kwa maoni yetu, mtaalamu anayekushika mara kumi bila kukupa hata zoezi moja la nyumbani anastahili kuulizwa kwa nini.

Nyumbani kuna bibi anayechua kwa mafuta ya nazi. Je, nimwache?

Hapana, kama bega si la ajali. Mkono wa bibi una mambo ambayo kliniki yenye foleni haina: muda, upole, na kukujua. Kuchua kwa upole kwenye misuli ya juu ya bega, nyuma ya kombe na shingoni hutuliza, na hatuoni sababu ya kulidharau jambo linalomfanya mtu alale. Tunaomba mipaka michache tu. Asichue kwa nguvu hadi michubuko itokee. Asikande kwa maji ya moto au majani yaliyochemshwa kabla hajayapima kwa kiwiko chake mwenyewe, hasa kwa mwenye kisukari ambaye ngozi yake imepungua hisia, kwa sababu tumefunga vidonda vya kuungua ambavyo mwenyewe hakuvisikia vikitokea. Chale za wembe begani hatuzishauri; hazifiki kwenye kano, na zinaweza kuingiza maradhi mengine. Na akimaliza kuchua, mwambie bibi akuhesabie zoezi la tyubu. Wapo bibi wanaohesabu kwa ukali kutushinda.

Bega la kijana limechomoka mpirani na wenzake wanataka kulivuta. Je, wavute?

Wasivute. Bega linapochomoka huenda lina mfupa uliovunjika pembeni yake, na mshipa mkubwa wa damu pamoja na mishipa ya fahamu hupita kwapani. Fungeni mkono kwa kanga shingoni kama ulivyo, bila kuunyoosha, na mumpeleke. Hospitalini huchunguzwa kwanza, hupewa dawa ya maumivu, ndipo hurudishwa. Kijana wa chini ya miaka 25 aliyechomoka mara moja yumo katika hatari kubwa ya kuchomoka tena, kwa hiyo mazoezi baada ya hapo si ya hiari.

Baba alipata kiharusi na sasa bega la upande uliopooza linamuuma. Tumsaidieje?

Misuli iliyokuwa ikilishika chungwa juu ya kisosi imelala, na uzito wa mkono unalivuta chini. Kosa tunaloliona katika nyumba nyingi, nalo hutendwa kwa mapenzi, ni kumwinua mgonjwa kitandani kwa kumvuta mkono au kumshika kwapani. Mshikeni kiunoni na nyuma ya kombe. Akikaa, mkono ulale juu ya mto. Akilala, usiachwe umekandamizwa chini ya mwili. Msiufikishe juu ya kichwa hadi mtaalamu awaonyeshe namna ya kulisogeza kombe pamoja nao.

Vipi kuhusu dawa na sindano?

Parasetamoli, diklofenaki au ibuprofeni kwa siku chache zinaweza kukuwezesha kulala na kufanya mazoezi. Diklofenaki na ibuprofeni si dawa za kununua duka la dawa kila wiki kama chumvi: huumiza tumbo lenye vidonda, hupandisha shinikizo la damu na huchosha figo. Sindano ya steroidi inayochomwa kwenye bega hutuliza vizuri, na katika miezi ya kwanza ya bega lililoganda ina nafasi ya kweli, lakini humpandishia sukari mwenye kisukari kwa siku kadhaa na si ya kurudiarudia. Upasuaji huzungumzwa baadaye, isipokuwa kano imechanika ghafla kwa ajali.

Nilaleje?

Chali, mto mdogo ukiwa chini ya kiwiko. Au upande mzima, ukikumbatia mto ili mkono usianguke mbele.

Siwezi kuacha kazi msimu huu. Nifanye nini?

Hatukushauri uache. Bega linalopumzishwa kabisa kwa wiki nyingi hudhoofika, na ukirudi kazini unaanza upya. Punguza kimoja kati ya mambo matatu: uzito, idadi, au urefu wa kuinua. Gunia lishushwe na watu wawili badala ya mmoja kulirusha begani. Mbanguaji ainue kiti au ashushe meza ili viwiko vibaki ubavuni. Anayetwanga abadilishane mikono kwenye mchi na apumzike kabla ya kuchoka. Mvuvi asogee karibu na nyavu, avute kwa miguu na mgongo. Anayeswali na kushindwa kusujudu kwa sababu ya bega aswali kwa kiti kwa muda, kwa kuwa mgonjwa huswali anavyoweza. Wako watu waliotuficha maumivu ya sijida kwa miezi wakidhani tutawakataza msikiti.

Huduma hii naipata wapi?

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa. Kwa Mtwara ulizia kitengo cha fiziotherapia katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo. Kwa Lindi, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine. Anayetoka mbali, kama vile Liwale au Newala, aseme hivyo siku ya kwanza, ili apangiwe safari chache na mazoezi mengi ya nyumbani, na aombe kuyafanya mbele ya mtaalamu mpaka asahihishwe kabla hajapanda basi.

Maumivu yameisha. Tyubu niitupe?

Ibaki kwenye nguzo. Mara mbili kwa wiki zinatosha kuitunza nguvu uliyoipata. Mwenye kazi ya korosho aongeze hadi siku tatu kuanzia Agosti, na dumu lirudi mkononi wiki sita kabla ya magunia kuanza kushushwa ghalani.